Simba kaua mbuzi 9 zizini, wazee wanataka kutega sumu jioni hii. Nisaidieni mawazo haraka

KijanaWaSimanjiro (saa 3:40 asubuhi)

Wakuu habarini, naomba niende moja kwa moja maana muda wenyewe mchache.

Mi ni wa Simanjiro, kijiji kimoja huku mashariki ya Tarangire, jina naliacha. Usiku wa kuamkia leo simba kaingia kwenye zizi la mbuzi la mzee wangu, kaua mbuzi 9 na kondoo 2, waliobaki walitoka wakatawanyika na mpaka saa hii wadogo zangu wako porini wanawakusanya. Nilikuwa nimelala kwa yeyo (mama) upande wa pili wa boma sikusikia kitu mpaka mbwa walipoanza kulia, si kubweka yaani kulia kabisa, natoka na tochi nakuta kumeshatulia. Mizoga mitatu imeliwa karibu yote, mingine imeng'atwa tu ikaachwa hapo. Humo ndani kulikuwa na majike manne yenye mimba na beberu niliyemnunua mnadani mwaka jana kwa hela ya kibarua changu mwenyewe. Inauma sana aisee.

Sasa wazee wamekaa chini ya mti tangu kumekucha. Kaka yangu mkubwa na morani wenzake wanataka wamfuate na mikuki, wazee wawili wanakataa wanasema vijana wasiumie bure, mizoga si ipo, ipakwe sumu iwekwe kule korongoni, atarudi usiku atakula na habari yake itaishia hapo. Na sumu ipo, kuna mmoja ana kopo la dawa ya shamba lilibaki tangu alipokuwa analima maharage.

Mimi naona hili jambo si sawa, ila nikifungua mdomo naambiwa nimekuwa mtu wa wazungu kwa sababu niliwahi kufanya kazi kambi ya watalii. Na niseme ukweli hasira ninayo, sio kwamba namhurumia simba kuliko mbuzi wa baba yangu. Nauliza mawili tu. Hiyo sumu ina madhara gani ambayo nikiwaelezea wazee watanielewa, madhara ya kwetu hapa sio ya watalii. Na tukiacha kutega, akirudi leo usiku tufanye nini? Zizi letu ni la miba ya kawaida.

---

MchungajiWaKiteto (saa 3:58 asubuhi)

Pole sana mdogo wangu. Mi kwa upande wangu nasema tegeni. Mwaka juzi walinimalizia ndama wanne, nikaenda kutoa taarifa kwenye ofisi moja huko wilayani nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa nilete picha, mizoga imeshaoza picha natoa wapi, mpaka leo sijaona hata shilingi. Mnyama ni wa serikali akiwa hai, akila ng'ombe wangu hana mwenyewe. Nani atakulipia hao majike?

---

Nyayo_Mbichi (saa 4:15 asubuhi)

Pole kaka. Nimekuwa askari wa wanyamapori wa kijiji miaka sita kwenye jumuiya ya hifadhi, matukio ya namna hii nimeitwa mengi mno, na kabla hujafika kwenye sumu nikuulize kitu kimoja, nani alimuona huyo simba?

Naona umeandika simba lakini kwenye maelezo yako hakuna aliyemuona. Na dalili unazotaja mimi hazinikalii kisimba. Simba kwa kawaida shida yake ni ng'ombe. Akifika usiku kwenye boma ananguruma au anazunguka upande upepo unakotoka ng'ombe wapate harufu, wanapaniki, wanavunja zizi wenyewe kutokea ndani, yeye anawasubiri nje. Chui ndio anaruka ua, anabana koo, anachukua mmoja anaondoka naye, mara nyingi utakuta matone ya damu yanaelekea kwenye mti. Fisi anapenya chini au anachana miba palipo dhaifu, akishaingia anauma kila anayekimbia, matako, tumbo, miguu ya nyuma, ndio unakuta wengi wameng'atwa na hawajaliwa.

Rudi zizini sasa hivi kabla ng'ombe hawajakanyaga kila kitu. Angalia nyayo kwenye vumbi. Fisi kucha zake zinaonekana mbele ya vidole, simba na chui hawaachi alama ya kucha kwa sababu wanazificha wakitembea. Angalia pia mifupa. Kama fuvu na mapaja vimeondoka kabisa, hiyo ni fisi. Ukikuta kinyesi kilichokauka cheupe kama chokaa hapo karibu ndio kabisa, ule weupe ni mifupa anayokula.

Nasisitiza hivi kwa sababu nimeona simba wakiuawa kwa kosa la fisi. Mtafiti Mtanzania Bernard Kissui alilifuatilia jambo hili huku huku kwenu nyika ya Maasai na kazi yake ikatoka 2008, akakuta fisi na chui ndio wanaopiga mbuzi, kondoo na ndama usiku, simba anapiga ng'ombe, ila anayeuawa kulipiziwa kisasi zaidi ni simba. Na sababu ni ya kawaida tu, simba akiua anakaa na mzoga wake, anaulinda, mnamkuta asubuhi. Fisi kumekucha yuko shimoni.

Ukipata nyayo rudi hapa uniambie. Na mwambie mzee mwenye kopo asubiri kwanza.

---

KijanaWaSimanjiro (saa 5:20 asubuhi)

Nimerudi. Mkuu Nyayo umenishangaza. Nimekwenda na kaka tukakuta upande wa magharibi, pale miba ilikuwa imekauka na kulala, kuna tundu chini kama la kupita mbwa mkubwa na manyoya yamenasa kwenye mwiba, ya rangi ya udongo na madoa. Nyayo ni nyingi, si za mmoja, na kucha zinaonekana wazi. Mafuvu mawili hayapo. Kaka yangu kanyamaza kimya kabisa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema simba, na ni kweli wiki iliyopita simba walisikika upande wa mbugani.

Nimewaambia wazee ni fisi. Mmoja kajibu basi vizuri, sumu itaua fisi. Kwa hiyo bado niko pale pale.

---

BintiKajiado (saa 5:44 asubuhi)

Pole sana ndugu yangu, mimi ni jirani yako ng'ambo ya mpaka, Kajiado, na yaliyokupata nayajua vizuri.

Hapa kwetu mwezi wa tano 2023 tulipoteza simba 10 ndani ya wiki moja. Mmoja alikuwa Loonkiito, simba dume wa miaka 19, na simba wa porini kufika umri huo ni nadra sana. Aliingia boma pale Olkelunyiet karibu na Amboseli akitafuta chakula, mzee wa watu nguvu zimemwisha, akauawa kwa mikuki. Siku chache baadaye Mbirikani simba 6 wakauawa kwa siku moja baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Nilikuwa na hasira na waliowaua na nilikuwa nawaonea huruma wenye mbuzi, yote mawili kwa wakati mmoja, maana ukame ulikuwa umeshamaliza mifugo ya watu na mbuzi waliobaki ndio walikuwa kila kitu.

Lakini mkuki ni mkuki, unaua aliye mbele yako. Sumu haichagui. Uganda 2018 pale Hamukungu, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, simba 11 walikufa kwa sumu na 8 kati yao walikuwa watoto. Ukipaka sumu mzoga leo jioni, fisi huenda asiwe wa kwanza kula. Wa kwanza ni mbwa wenu wa boma kwa sababu wanaijua ile njia. Kukicha tumbusi wanashuka, wanakuja kutoka mbali mno kwa sababu kila mmoja hewani anamtazama mwenzake akishuka na yeye anamfuata, mzoga mmoja unaweza kuangusha kundi zima. Na ukishakosa tumbusi mizoga inakaa muda mrefu, mbwa na fisi wanaongezeka pale, na magonjwa pia. Hapa Kenya wafugaji walikuwa wakitumia Furadan, dawa ya wadudu ya shambani, mpaka kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni 2009 kwa kelele za watu baada ya simba kufa.

Korongo lenu hilo lina maji? Uliza hilo swali mbele ya wazee.

Kuhusu usiku: dada yangu ana taa za kumulika kuzunguka boma, zile alizobuni Richard Turere akiwa mtoto tu, alikuwa anachunga ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga ya Nairobi akagundua simba anaogopa taa inayotembea lakini haogopi moto uliosimama sehemu moja. Ni balbu za tochi, betri na solar ndogo, zinawaka kwa kupokezana kama kuna mtu anazunguka. Zinasaidia. Ila usiziache vile vile mwaka mzima, mnyama anazoea, uwe unazihamisha. Kwa leo tochi ya mkononi na mtu anayezunguka kweli inatosha.

---

MchungajiWaKiteto (saa 6:05 mchana)

Dada sikatai unayosema. Lakini Kenya nyie mnalipwa. Sisi je?

---

BintiKajiado (saa 6:20 mchana)

Kaka yangu, kwenye karatasi tunalipwa. Sheria yetu ya 2013 imeweka milioni 5 za Kenya kwa mtu aliyeuawa na mnyama, lakini wapo waliokaa miaka wakingoja, wengine wamezeeka na faili mkononi. Kilichosaidia kwetu Mbirikani ni mfuko wa fidia wa pale pale ulioanza 2003, wanakuja kuukagua mzoga, wanauliza mnyama alilala wapi. Ng'ombe akiuawa kwenye boma imara malipo ni makubwa, akiachwa porini au boma bovu yanapungua, na mtu akiua simba eneo lake linakosa malipo. Kwa hiyo majirani wenyewe wanazuiana. Sio kwamba inatosheleza, ila mtu anajua kuna anayejali mbuzi wake.

---

MzeeWaKibiti (saa 7:10 mchana)

Naomba na mimi niseme kidogo, mimi si mfugaji, ni mkulima wa huku Rufiji.

Mnaongelea mbuzi. Sisi huku simba alikuwa anakula watu. Tangu 1990 mpaka 2004 watafiti walihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba na zaidi ya 300 waliojeruhiwa, wengi wa mikoa ya huku kusini, Lindi, Mtwara na sisi wa Pwani. Mjomba wangu alichukuliwa kwenye dungu msimu wa mavuno, alikuwa analinda mpunga usiliwe na nguruwe. Tulimkuta asubuhi kipande. Nikisema hivi simuogopeshi mtu, nataka mjue kwamba naongea hapa nikiwa nina kidonda.

Watu walisema ni simba wa kutumwa, kuna ndugu na majirani waligombana mpaka leo hawasemeshani kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Kumbe walipokuja kuchunguza ikaonekana ni nguruwe. Wanyama wengine wameisha huku, swala hakuna, simba anafuata nguruwe, nguruwe anafuata mashamba, na mkulima kalala katikati kwenye kidungu cha makuti hakina hata mlango. Na yule aliyetusumbua zaidi, watu walimpa jina la Osama, alipouawa 2004 alikutwa ana jipu kubwa chini ya jino lililovunjika.

Jambo moja la kumsaidia kijana, angalieni mwezi. Kwenye mashambulizi yetu yale ilionekana siku kumi zinazofuata mwezi mpevu ndio mbaya zaidi, maana jua likizama giza linaingia kabla mwezi haujatoka, na watu bado wako nje, kati ya magharibi na saa nne usiku. Simba ameshinda njaa kwenye zile siku za mbalamwezi. Sisi sasa siku hizo hatutembei jioni, na anayelinda shamba analala na wenzake sehemu yenye mlango. Hilo halikuhitaji hela ya mtu.

---

Nyayo_Mbichi (saa 7:35 mchana)

Mzee wangu pole kwa mjomba, na asante, hilo la mwezi nitalibeba.

KijanaWaSimanjiro, la kifuta jasho, yaani malipo ya serikali. Kanuni zetu zipo tangu 2011, kifuta machozi ni kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa, kifuta jasho ni kwa mali. Ni kidogo ukilinganisha na bei ya mnadani na sitakudanganya kwamba kinafidia, hata jina lenyewe linasema. Lakini piga picha za mizoga na nyayo leo, weka kitu cha kupimia ukubwa hata kiberiti, mwite mtendaji aandike. Alichokosa kaka wa Kiteto ni hicho, na hakuna aliyemwambia mapema, jambo ambalo linaniudhi sana kwa sababu ilikuwa kazi ya mtu kumwambia.

Pia waelewe wazee kwamba kutega sumu ni kosa, na akifa simba hapo inakuwa kesi kubwa, vijana wanakwenda ndani kwa jambo lililoamuliwa na wazee chini ya mti.

Leo usiku: mizoga ichomwe au izikwe mbali na boma, msiiache hata mmoja, fisi watarudi kwenye harufu. Tundu lizibwe kwa miba mibichi, matawi yaelekee nje na shina ndani ili akivuta asiweze kuling'oa. Mbuzi wasogezwe katikati karibu na nyumba. Morani wanaotaka mikuki wapeni zamu ya kuzunguka na tochi, hiyo hasira yao itumike kwa kazi. Kule Ngorongoro kuna mradi wa KopeLion unaajiri wachungaji wanaoitwa ilchokuti, na Amboseli tangu 2007 wapo Lion Guardians, wengi ni morani ambao zamani wangekuwa wa kwanza kuchukua mkuki. Sasa wanafuata nyayo asubuhi, wanawaambia wachungaji leo msipite huku, wanatafuta mifugo iliyopotea kabla giza halijaingia. Mfugo uliobaki porini jioni ndio chakula cha kwanza cha simba.

---

FundiWaFensi (saa 9:02 alasiri)

Nimesoma yote. Mimi nimeshiriki kujenga ukuta hai kwenye maboma kadhaa huko huko Simanjiro kwa hiyo hapa naweza kusaidia.

Miba mikavu tatizo lake ni kwamba kila mwaka unakata miti upya, inalala, inaoza, mchwa, na fisi anaijua kuliko wewe. Ukuta hai unapanda fito za osilalei, ule mti wa jamii ya manemane, ukikata tawi ukalichomeka ardhini mvua ikinyesha linaota. Zinakuwa nguzo zisizooza, kila mwaka zinanenepa. Juu yake unafunga chenlinki. Mlango wa mbao au bati uliobana, maana nimeona mtu kajenga ukuta mzuri halafu mlango ni tawi la mgunga. Chini chimba mfereji wa futi moja ulaze waya uufukie, hapo fisi anachimba mpaka anachoka. Kama kuna mti unaegemea zizi kata matawi yake, chui atatumia hilo. Hili lilianza huko kwenu kupitia African People & Wildlife, kituo chao kiko Noloholo karibu na Loibor Siret, mwenye boma alikuwa anachangia sehemu ya gharama, kaulizie utaratibu wao wa sasa.

Zizi lako mzunguko wake ni mita ngapi?

---

KijanaWaSimanjiro (saa 12:30 jioni)

Wakuu nawashukuru mno, nimekuwa kwenye kikao mpaka sasa.

Niliwasomea maneno ya dada wa Kajiado kwa Kimaasai. La tumbusi halikuwagusa, la jela liliwagusa vijana tu, wazee walinyamaza. Nikauliza swali la maji. Korongo lile ndiko tunakochimba visima vya mchanga kiangazi, mbuzi wanakunywa pale na sisi pia. Yule mzee akasema sumu haitafika kwenye maji. Hapo yeyo, ambaye alikuwa amesimama pembeni na mtungi wake, akasema basi kesho asubuhi aende yeye mzee akachote awe wa kwanza kunywa, yeye na wajukuu zake watasubiri. Kukawa kimya kirefu. Baadaye mzee akaniita akanipa lile kopo mwenyewe, akaniambia nilipeleke kwa bwana shamba.

Mizoga tumeichoma. Tundu tumeziba kama Mkuu Nyayo alivyoelekeza. Morani wanne wana zamu, kaka yangu ndiye wa kwanza. Mtendaji amekuja ameandika, picha ninazo, na kiberiti kipo kwenye picha.

Zizi nimepima kwa hatua ni 96, mita sijui.

---

FundiWaFensi (saa 12:41 jioni)

Hatua haiaminiki. Tafuta kamba ya mita 10 uzungushe. Rola moja ni mita 18, ukishapata mita ugawanye, uongeze kidogo kwa ajili ya kupishanisha waya zinapokutana.

---

KijanaWaSimanjiro (kesho yake, saa 1:15 asubuhi)

Walikuja. Saa nane usiku tukawasikia upande wa korongo, wakazunguka mara mbili, kaka akawafuata na tochi na kelele wakaondoka. Hakuna mbuzi aliyeguswa. Watatu kati ya waliopotea juzi wamepatikana, wawili bado.

Kamba nimezungusha, ni mita 85 na kidogo. Kwa hiyo rola 5? Mchungaji wa Kiteto kama unasoma, baba anasema ukija kununua waya Arusha upitie kwetu twende pamoja, labda tukichukua nyingi watatupunguzia bei.

---

MchungajiWaKiteto (saa 1:50 asubuhi)

Nasoma mdogo wangu. Langu ni kubwa, nadhani rola 7. Nakuja Jumamosi baada ya mnada.